Siti laini au siti ngumu? Ulinganisho wa siti za baiskeli kwa anayetaka kukaa bila maumivu

Mtu akienda kutafuta siti mpya ya baiskeli, jambo la kwanza analofanya ni kuibonyeza kwa kidole gumba. Ikizama anaridhika, isipozama anairudisha ilipokuwa. Nami nilifanya hivyohivyo. Siti ya kwanza niliyoichagua mwenyewe ilikuwa pana kama sinia, imejaa jeli, na kwa dakika 20 za mwanzo nilijiona nimepata dawa. Saa moja ilipotimia nilikuwa nanyanyuka kila mara, katikati ya miguu pameingia ganzi, mapaja yamechubuka kwa ndani. Ile siti ngumu niliyoing'oa, iliyokuja na baiskeli, haikuwahi kunifanyia hayo.

Tangu hapo nimekalia siti za kila namna. Naendesha karibu kila siku, dakika 40 kwenda kazini na 40 kurudi, na mwisho wa wiki natoka kwa saa tatu au nne. Nawaandikia wanaoumia, kwa sababu nimeona watu wengi wakiisukumia baiskeli stoo kwa maumivu ambayo yangeisha kwa kubadili kitu kimoja tu, na mara nyingine kwa kulegeza bolti na kuikaza upya.

Unakalia nini hasa?

Kaa kwenye benchi gumu la mbao, ingiza viganja chini ya makalio, kisha jiyumbishe taratibu kushoto na kulia. Utahisi vifundo viwili vya mfupa vikikandamiza viganja. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia, ncha za chini za fupanyonga, na imeumbwa kubeba uzito. Katikati yake kuna msamba, na humo hupita neva na mishipa ya damu inayohudumia sehemu za siri. Msamba haukuumbwa kubeba chochote. Ganzi unayoisikia baada ya muda barabarani ni taarifa kwamba uzito umehama kutoka kwenye mifupa ukaangukia msambani.

Sasa rudi kwenye ile siti yangu ya jeli. Mifupa inapozama, jeli haitoweki, inasukumwa tu. Inakimbilia pembeni na katikati, na ile ya katikati inapanda juu na kuukandamiza msamba. Kidole gumba hakiwezi kukuambia hilo, kwa sababu kidole ni kimoja na mifupa ni miwili.

Umbali kati ya mifupa hiyo haulingani kwa watu, na hautegemei unene wa mwili. Nimemwona mtu mwembamba ambaye mifupa yake imeachana kuliko ya jirani yake mwenye mwili mkubwa. Kwa hiyo pima. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mikunjo ndani, liweke juu ya kigoda kigumu na uketi ukiwa na nguo nyepesi. Inua visigino kidogo, inama mbele, jivute chini kwa mikono ukishika kigoda, ukae hivyo kama dakika moja. Ukinyanyuka utaona mabonde mawili. Yasipoonekana vizuri, pitisha upande wa chaki au penseli juu ya boksi, yatajitokeza. Weka nukta katikati ya kila bonde, kisha upime kwa rula kutoka nukta hadi nukta. Rudia mara mbili au tatu, maana kipimo cha kwanza aghalabu hudanganya.

Mimi hupata milimita 118. Siti haiwi na upana huohuo, kwa sababu mifupa inatakiwa itue juu ya sehemu iliyo tambarare, si kwenye ukingo unaoteremka. Anayeinama sana mbele huongeza takriban milimita 20, anayekaa wima huongeza 40 au hata zaidi. Ndiyo maana kampuni kama Specialized hutengeneza siti moja kwa upana tofauti, 143 na 155 kwa mfano, ilhali siti za baiskeli za mjini za kukaa wima hupita kwa urahisi 180.

Mkao wako ndio unaoamua

Kabla ya kulinganisha siti na siti, jiangalie unavyokaa. Simamisha baiskeli ukutani, panda, mwombe mtu akupige picha kwa ubavuni. Ikiwa usukani uko juu ya siti na mgongo umesimama, karibu uzito wote unashuka kwenye mifupa ya kukalia. Ikiwa usukani uko chini na umeinama, fupanyonga inabiringika mbele, na sehemu inayogusa siti inakuwa ile mifupa inayotoka nyuma kwenda kinenani, ambayo hukaribiana kadiri inavyokwenda mbele. Ndiyo sababu ya siti za mashindano kuwa nyembamba na za kwendea sokoni kuwa pana. Si fasheni.

Kosa ninaloliona kila siku ni kuchukua siti ya mkao mmoja na kuifunga kwenye baiskeli ya mkao mwingine. Siti pana ya springi kwenye baiskeli ya usukani wa chini hugonga mapaja kwa nyuma kila mguu unaposhuka. Siti nyembamba ya mbio kwenye baiskeli ya kukaa wima huacha mifupa ikining'inia pembeni, na uzito wote huingia katikati. Siti zote mbili ni nzuri. Zimewekwa tu mahali pasipo pake.

Sponji nene dhidi ya sponji ngumu

Huu ndio ulinganisho ambao wengi wanautafuta, basi nauanza kwa kusema upande wangu: kwa safari yoyote inayozidi nusu saa nachukua sponji ngumu yenye upana unaonifaa, wala sifikirii mara mbili.

Siti nene ya sponji laini au jeli ina sifa zake, na si haki kuzificha. Haihitaji kuzoewa. Mtu anayepanda mara moja kwa wiki, akiwa amevaa suruali ya kawaida, kwa dakika 10 au 15, atafurahi nayo. Mzee anayerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi nami ningempa hiyo. Tatizo huanza muda unapokwenda. Jeli hushika joto, jasho linakusanyika, na kwa kuwa kila ukikanyaga pedali mwili unacheza juu yake, ngozi inasuguliwa. Sponji laini hubonyea ikafika chini, na baada ya miezi kadhaa ya matumizi ya kila siku inabaki na mashimo mawili yasiyorudi.

Sponji ngumu hukubeba juu. Wiki ya kwanza mifupa itauma, kama misuli inavyouma baada ya kazi usiyoizoea, na mtu asiyeonywa atadhani amenunua vibaya. Jifunze kutofautisha maumivu hayo. Maumivu ya kubonyezwa kwenye mifupa miwili, yanayopungua siku hadi siku, ni ya kuzoea. Ganzi, kuungua au kuchubuka havizoeleki, na anayekuambia uvumilie ganzi usimsikilize.

Vile vifuniko vya jeli vya kuvalisha juu ya siti, nimevijaribu viwili. Vinateleza, vinaongeza upana pasipotakiwa, na kamba zake hulegea. Pesa hiyo ningeiweka kwenye kaptura ya baiskeli yenye pedi ndani. Kaptura hiyo huvaliwa bila chupi, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mshono wa chupi chini ya pedi ndio unaochubua.

Siti ya ngozi

Hapa nitakaa kidogo, maana siti ya ngozi ni kitu cha aina yake na nimeipenda.

Haina sponji kabisa. Ni ngozi nene ya ng'ombe iliyowambwa kati ya chuma cha mbele na chuma cha nyuma, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, ikabanwa kwa ribiti. Chini yake ni hewa tupu. Kwa hiyo uzito wako haukandamizi kitu dhidi ya plastiki. Ngozi yenyewe inanesa, na kwa muda inakubali umbo lako. Ukiitazama siti ya ngozi iliyotumika miaka mitano utaona mabonde mawili ya mwenye nayo, laini na meusi kwa kung'aa, kama ya lile boksi tulilopimia.

Jina kubwa katika siti hizi ni Brooks wa Uingereza. Kampuni ilianzishwa na John Boultbee Brooks huko Birmingham mwaka 1866, ikitengeneza bidhaa za ngozi za farasi. Inasimuliwa kwamba farasi wake alikufa mwaka 1878, akaazima baiskeli ya kwendea kazini, na siti yake ya mbao ikamtesa hadi akaamua kutengeneza yake. Hataza yake ya siti ni ya mwaka 1882. Siti yao iitwayo B17 imo katika orodha za bidhaa zao tangu miaka ya 1890, na hadi leo watu wanaosafiri nchi hadi nchi kwa baiskeli wanaifunga.

Sasa gharama zake, na simaanishi pesa. Kwanza ni uzito: B17 ina zaidi ya nusu kilo, ilhali siti nyingi za michezo ziko kati ya gramu 200 na 300. Pili ni kipindi cha kuizoea. Yangu ilikuwa ngumu kama ubao kwa wiki mbili, ikaanza kunikubali karibu na kilomita 400, na ilipofika 600 hivi nikasahau kwamba nimekalia kitu. Wengine hupita kilomita elfu moja. Tatu ni maji. Ngozi ikilowa chapachapa kisha ukaikalia, inanyooka na kuharibika umbo moja kwa moja. Mvua inaponyesha naivalisha mfuko wa plastiki, na ikilowa kwa bahati mbaya naiacha ikauke kivulini, si motoni wala juani. Mara mbili tatu kwa mwaka naipaka nta ya ngozi, juu na chini. Chini ya pua, yaani ncha nyembamba ya mbele ya siti, kuna bolti ya kuikaza inapolegea. Ni robo mzunguko tu, tena si mara kwa mara. Niliwahi kuikaza kila mwezi nikidhani naitunza, kumbe naivuta na kuimaliza.

Na rangi ya ngozi mpya huhamia kwenye suruali nyeupe.

Ukilinganisha ngozi na sponji ngumu, basi, swali si ipi bora. Swali ni je, baiskeli inalala wapi? Ikilala nje, au unaendesha kwenye mvua bila kujali, ngozi itakutia simanzi. Brooks wenyewe wana siti nyingine, Cambium, iliyowambwa kwa mpira uliovalishwa kitambaa badala ya ngozi. Haijali maji na haihitaji kilomita za kuizoea, ila haitachukua umbo lako kama ngozi ifanyavyo. Kwa mwenye safari za kila siku na asiye na banda, ningemshauri aitazame hiyo kwanza.

Mfereji, tundu, pua fupi, au bila pua kabisa

Wanaosumbuliwa na ganzi wasome hapa kwa makini.

Siti nyingi za siku hizi zina mfereji ulioteremka katikati au tundu lililokatwa kabisa. Lengo la yote mawili ni kuuacha msamba usiguswe. Mfereji wa sentimita nusu juu ya sponji laini ni urembo tu, unazibika mara unapokaa. Tundu la kweli linafanya kazi, lakini kingo zake zinaweza kuwasumbua watu wengine, kwa sababu uzito uleule sasa umebebwa na eneo dogo zaidi. Mimi tundu pana lilinikata pembeni. Mfereji mrefu wenye kingo za mviringo ukanifaa. Rafiki yangu yuko kinyume chake kabisa. Hapa hakuna njia isipokuwa kujaribu.

Pua fupi ni hatua nyingine. Siti ya kawaida ina urefu wa milimita 270 hivi. Zile fupi, ambazo zilipata umaarufu baada ya Specialized kutoa siti yao iitwayo Power mwaka 2015, zina takriban 240. Huo ndio urefu wa chini unaoruhusiwa na UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, kwa mashindano ya barabarani. Anayeinama sana anapata nafuu kubwa, kwa kuwa fupanyonga inaweza kubiringika mbele bila kukutana na pua. Anachopoteza ni nafasi ya kusogea. Siti ndefu unaweza kuikalia nyuma unapopanda mlima na mbele unapokimbia. Siti fupi ina mahali pamoja, nawe lazima upakubali. Katika safari ya saa nne mimi napenda kusogea, hivyo siti fupi niliiacha baada ya miezi mitatu, ingawa kwa saa moja ya mbio ilikuwa bora kuliko zote nilizojaribu.

Halafu kuna siti zisizo na pua, au zenye pua iliyopasuliwa ikawa matawi mawili kama za kampuni ya ISM. Watu huzicheka wakiziona, na sioni cha kucheka. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilizichunguza kwa polisi wanaofanya doria kwa baiskeli. Wanaume 90 walizitumia kwa miezi sita. Mwanzoni, waliosema hawakupata ganzi katika miezi sita iliyotangulia walikuwa asilimia 27; mwishoni walifika asilimia 82. Mwaka 2009 taasisi hiyo ikapendekeza siti zisizo na pua kwa wanaoendesha baiskeli kama kazi. Kwa mtu anayekaa kwenye siti saa nyingi kila siku kwa ajili ya mkate wake, hilo si jambo dogo, kwa kuwa kinachozungumzwa hapo ni ganzi pamoja na nguvu za kiume.

Ugumu wake ni mmoja: pua ya siti ndiyo inayokuongoza kwa mapaja unapokata kona au unapoachia usukani kwa mkono mmoja. Bila pua, baiskeli huhisi kama imelegea mwanzoni, na uzito zaidi huenda mikononi. Mpe mtu wiki mbili kwenye njia isiyo na magari kabla ya kumwingiza barabarani.

Springi

Kwa anayekaa wima na kupita njia yenye mashimo, springi ni neema. Kwa anayeinama na kukanyaga kwa nguvu, zinamrusha juu chini na kula jasho lake. Ni nzito, na zikianza kulia hazinyamazi mpaka zipakwe grisi. Kabla hujazitafuta, punguza upepo kidogo kwenye tairi, bila kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, au weka tairi nene zaidi kama fremu inaruhusu. Mtikisiko mwingi unaoulaumu kwenye siti unatoka huko.

Siti ya kike, siti ya kiume

Kwa wastani mifupa ya kukalia ya wanawake imeachana zaidi, kwa hiyo siti zilizoandikwa za kike huwa pana zaidi na fupi kidogo. Lakini wastani hauketi kwenye baiskeli. Mwanamke mwenye milimita 105 atateswa na siti pana aliyopewa kwa kuwa ni mwanamke, na mwanaume mwenye 140 atateswa na ile nyembamba. Shika kipimo chako, usijali maandishi. Ninachosisitiza ni kwamba wanawake nao hupata ganzi, uvimbe na michubuko ya sehemu za mbele, na wengi wanakaa kimya wakidhani ndivyo baiskeli ilivyo. Sivyo. Tundu lililosogea mbele zaidi, lenye kingo laini, limewasaidia wengi.

Kabla hujatoa pesa, irekebishe uliyonayo

Siku moja nilikwenda kwa fundi nikiwa nimeshaamua kununua siti nyingine. Akaniambia nipande na kuzunguka uwanja, yeye akanitazama kwa nyuma.

"Kaka, siti haina kosa," akasema. "Iko juu. Ona kiuno chako kinavyocheza."

Alikuwa sahihi. Siti ikiwa juu mno, mguu unaifuata pedali chini kwa kuteremsha nyonga, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na kila mara unajisugua kwenye pua. Akaishusha kiasi cha upana wa kidole, na michubuko iliyonisumbua miezi miwili ikakauka ndani ya wiki.

Njia rahisi ya kupata urefu ni kuweka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo. Kama inabidi uipandishe sana, angalia alama iliyochorwa kwenye bomba la siti. Isionekane nje ya fremu, la sivyo bomba linaweza kuvunjika au kuipasua fremu.

Kisha mwinamo. Weka pimamaji juu ya siti, au kitabu kigumu na simu yenye programu ya pimamaji juu yake. Anza na siti iliyolala sawa. Pua ikiinuka, msamba unakandamizwa. Ikiinama sana, unateleza mbele, unajizuia kwa mikono, na viganja vinaanza kufa ganzi badala ya msamba. Digrii moja au mbili chini zinawafaa wengi. Siti ya ngozi ni tofauti, kwa kuwa katikati yake hubonyea. Watu wengi huiinua pua kidogo ili wasiteleze.

Mwisho ni mbele na nyuma kwenye reli, vile vyuma viwili vilivyo chini ya siti. Sogeza milimita tano kwa wakati, usibadili kitu kingine siku hiyo, uendeshe angalau safari mbili. Anayebadili urefu, mwinamo na reli kwa pamoja hatajua kamwe kipi kilimponya.

Nani achukue ipi

Ukiniuliza mimi: kwa safari fupi za mjini, mkao wima, nguo za kawaida, chukua siti pana ya sponji ya wastani, si ile inayozama hadi chini, na springi kama njia ni mbaya. Kwa kwenda kazini kila siku kilomita 10 au zaidi ukiwa umeinama kidogo, chukua sponji ngumu yenye mfereji, upana wa kipimo chako ukiongezwa 25 au 30. Kwa safari ndefu za siku nyingi, kama uko tayari kuitunza, ngozi. Kwa mbio, pua fupi. Kwa aliyekwisha kujaribu marekebisho yote na ganzi bado inamrudia, asizunguke tena kwenye siti za kawaida. Aende moja kwa moja kwenye isiyo na pua, na ganzi ikiendelea hata akiwa ameshuka kwenye baiskeli, amwone daktari.

Zile siti mpya zinazochapwa kwa printa ya 3D, ambazo ndani zina kitu kama wavu badala ya sponji, nimekalia moja kwa alasiri moja. Ilinibeba vizuri sana, na kila eneo lina ugumu wake. Ila vumbi na tope huingia kwenye matundu, na alasiri moja haitoshi kutoa hukumu.

Reli zisikusumbue sana. Za chuma ni nzito na hudumu, za titani ni nyepesi na hunesa kidogo, za kaboni ni nyepesi zaidi lakini nyingi si za duara la milimita 7 kama nyingine, hivyo hakikisha kwanza kishikio cha bomba lako kinazikubali.

Siku ya kubadili, usiing'oe siti ya zamani kabla hujapima. Pima kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mhimili ambao mikono ya pedali huzungukia), ukifuata bomba la siti, hadi juu ya siti pale unapokalia, kisha kutoka ncha ya pua hadi usukani. Andika. Siti hazilingani unene wala urefu wa pua, na ukifunga mpya kwenye alama ya zamani ya bomba unaweza kujikuta umekaa sentimita mbili juu au chini bila kujua, ukailaumu siti. Funga mpya kwa kipimo cha juu ya siti. Kwa ncha ya pua, linganisha tu kama siti zina urefu sawa; la sivyo angalia pale siti inapofika upana wa milimita 80, na uweke hapo umbali uleule kutoka usukani. Toka na spana inayofungua bolti ya siti mfukoni, simama baada ya kilomita mbili, rekebisha, endelea, simama tena.